Koki ya Pili

"Nyoka wewe! Nyoka wa kufuga, mtu anakupa maziwa..."

"Tadei, ngoja nikueleze, maana hata wewe..."

"...anakupa maziwa, anakupa na blanketi ujifunike..."

"...hata wewe ungekuwa mimi ungefanya hivihivi, haki ya Mungu!"

"...halafu unamng'ata kisigino! Hii ni nini? Gerald, nakuuliza, hii ni nini?"

Gerald akachungulia mtaroni. Alikuwa anajua sana ni nini, maana aliifunga mwenyewe kwa mikono yake na tepe nyeupe ya kuzuia kuvuja.

"Ni tii," akasema, sauti imeishia kifuani.

"Naona ni tii! Sijasomea bomba ila macho ninayo. Tii inafanya nini kwenye bomba langu?"

"Inagawa."

"Inagawa! Sikieni jamani, inagawa!" Tadei akageuka kuwatangazia watu, ila watu hawakuwepo. Palikuwa na mbuzi wawili na kuku mmoja anayechechemea, na wote hawakuonyesha kushangaa.

Misa ya Jumapili ilikuwa imetoka muda si mrefu. Tadei alikuwa bado na shati lake la kanisani, suruali kaikunja hadi magotini, jembe mkononi. Alikuwa amechimba kulifuata bomba kuanzia barazani kwake hadi karibu na shimo la mapipa, pale kwenye ua wa minyaa unaotenga upande wake na upande wa baba yake. Ndipo akaikuta ile tii, kiungo cha njia tatu. Bomba alilodhani ni moja lilikuwa limeota mikono miwili. Mkono mmoja ulikwenda kwenye koki ya barazani, kama walivyopanga. Mkono wa pili uliinama, ukapita chini ya minyaa kama fuko, ukaelekea nyumbani kwa mzee Isidori.

Na mzee Isidori, baba yake mzazi, ndiye mtu pekee kijiji kizima cha Mogitu aliyeapa kiapo kwa sababu ya pombe inayopita kwenye bomba hilo.

Ilianza hivi. Tadei alikuwa chuo huko Morogoro, anasomea mambo ya vyakula, mtoto wa kwanza wa ukoo kufika huko. Akaja likizo ya Pasaka, akasahau kurudi. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa na majibu mengi, kila mtu na lake. Kwa padre alisema anatafakari. Kwa wasichana alisema chuo kimemwomba apumzike, anawazidi walimu. Kwa mama yake alisema ukweli, kwamba mle darasani alikuwa anajiona kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti wa jirani, majani yapo ila si ya kwao. Kwa baba yake hakusema kitu, kwa sababu baba yake hakuuliza. Aliona tu begi linafunguliwa, nguo zinaanikwa, wiki zinapita.

Halafu akaona mtambo.

Pombe ya mtama na ulezi ilikuwepo siku zote, wanawake wanaipika, wazee wanainywa kwa kibuyu, imekwisha. Tadei akaja na yake. Aliloweka mtama kwenye gunia mpaka ukachipua, akauanika, akausaga. Akachemsha kwenye sufuria kubwa la harusi. Akapoza kwa bomba la shaba lililojisokota kama chatu ndani ya maji. Akatia hamira, akafunika kwenye pipa la bluu lenye mpira wa dripu unaotoka kifunikoni na kuishia kwenye chupa ya maji, ili hewa itoke ila isiingie. Pipa likawa linasema blup, blup, usiku na mchana, na wateja wakalipa jina: Bibi Anakoroma. Bibi akinyamaza, pombe imeiva. Hapo inachujwa, inahamia kwenye mapipa ya chuma yaliyo shimoni, kwenye ubaridi wa ardhi, na mtungi wa gesi, ile gesi ya kwenye soda, unaisukuma mpaka barazani. Mshikio wa koki ulikuwa pembe la ng'ombe. Unavuta pembe, inatoka pombe baridi yenye povu. Wafugaji wa Gehandu wakitoka mnadani Katesh walikuwa wanapita makusudi kulivuta lile pembe tu, wanacheka kama watoto.

Mafundi walikuwa wawili, Tadei na Gerald. Gerald alikuwa na karakana yake ya bomba Jorodom, hadi siku mlima Hanang uliposhusha tope. Baada ya hapo alibaki na spana moja, ile iliyokuwa mfukoni. Tadei alimchukua akae kwake. Kitanda kimoja, huyu kichwa huku, yule kichwa kule, miguu ya kila mtu ikimsalimia mwenzake usoni. Kazi zote za kuunganisha zilikuwa za Gerald. Tadei alikuwa anasema, "Mimi ubongo, yeye mikono," na Gerald anajibu, "Ndiyo maana nyumba inanuka miguu."

Siku pembe lilipovutwa mara ya kwanza, Tadei hakuonja. Alijaza kibuyu, akakibeba kwa mikono miwili hadi kwa baba yake, maana cha kwanza cha mtoto kinaanzia mkononi mwa mzazi. Mzee Isidori alikuwa ameketi na rafiki yake, mzee Tomaso. Akakipokea kibuyu. Tadei moyo ukamruka. Kumbe mzee anainuka, anatoka katikati ya uwanja, jua liko utosini, anaiinamisha pombe yote chini mpaka povu la mwisho.

"Sikukupeleka chuo uje upike pombe kama mama mjane," akasema. Halafu akauinua uso juu kwenye jua, na mzee Tomaso akavua kofia, akijua kinachokuja. "Mlango wake sitauvuka. Kibuyu chake sitakipokea tena. Shikamoo yake sitaiitikia. Mpaka arudi akamalize alichokianza."

Basi. Na kiapo cha mbele ya jua, watu wa huku hawakichezei. Kikivunjwa hakifi peke yake, kinatafuta wa kuondoka naye, ndama, au mtoto, au mwenyewe aliyeapa.

Mlango na kibuyu, Tadei aliweza kuvumilia. Ile ya tatu ndiyo iliyokuwa inamla. Kila asubuhi alikuwa anapeleka ndama malishoni, na njia ni moja tu, inapita mbele ya kiti cha baba yake.

"Shikamoo baba."

Kimya. Mzee anaangalia mlima Hanang, kana kwamba mlima ndio uliomwamkia. Siku mlima umefunikwa, anaangalia ukungu.

Huku kwetu hata kichaa wa stendi akikuamkia unamwitikia. Hata mwizi akimwamkia hakimu, anaitikiwa kwanza ndiyo anafungwa. Tadei alikuwa anaamkia ukuta. Jioni anawachekesha wateja, anawaigiza padre na mwenyekiti wa kijiji, wanashika mbavu. Asubuhi anabeba shikamoo yake, anarudi nayo. Angeweza kuacha. Hakuacha hata siku moja, maana alijiambia: siku ile mzee akisema marahaba, hata kwa bahati mbaya, hata akiwa anapiga chafya, mimi nitakuwa mtu tena.

Ndipo mshale wa geji, kile kipimo cha gesi kwenye mtungi, ukaanza kushuka.

Ulikuwa unashuka jioni, wateja wameondoka, koki imefungwa, pembe limetulia. Tadei anatazama, mshale unateleza taratibu, na pipani pombe inapungua. Akajua inavuja mahali. Yeye na Gerald wakachukua povu la sabuni, wakalipaka kila kiungo cha shimoni, kimoja kimoja, wakapiga magoti pamoja kutafuta kipovu kinachopanda. Gerald alipaka kwa bidii sana. Alitoa hata ulimi kidogo pembeni, kama mtu anayefikiri.

"Labda ni baridi," Gerald alisema siku ile. "Gesi inajikunja kwa baridi."

Na Tadei, msomi wetu, akakubali.

Ila pombe iliendelea kupungua, akaanza kuhisi mwizi, na mtu mtundu akikosa dawa anatafuta mzaha. Jumamosi jioni, wateja walipoondoka, Tadei alifungua pipa, akamimina humo chupa nzima ya rangi ya keki, ya bluu. Haiui, hainuki, ila ulimi ikiushika haiuachii. Akafunga, akarudishia gesi, akaenda kulala akichekea mto. Mwizi ni nani? Alifikiria jirani. Alifikiria mlinzi wa shule. Na aibu yake ni kwamba alimfikiria hata Gerald, na asubuhi wakati wanapiga mswaki alimchungulia mdomoni. Ulimi wa Gerald ulikuwa mwekundu safi. Tadei akajilaumu moyoni: rafiki kama huyu unamshukuje?

Wakaenda misani. Ikafika wakati wa komunyo. Mzee Isidori, kiongozi wa jumuiya, mtu wa benchi la mbele, alikuwa wa kwanza kwenye mstari, na Tadei alikuwa mstari wa pembeni, karibu tu. Wazee wale hawapokei mkononi. Mzee akapiga goti, akafumba macho, akatoa ulimi.

Bluu. Bluu ya sare ya shule. Bluu mpaka kwenye mizizi.

Padre alisimama na hostia hewani, akatazama, akatazama tena, halafu akaiweka taratibu kama mtu anayetua kitu kwenye jiko ambalo hajui kama limezimwa.

Kicheko kilimpanda Tadei hadi kwenye meno, akaubana mdomo kwa kiganja. Halafu, kabla hajafika kwenye benchi, kicheko kilekile kikageuka, kikashuka tumboni, kikawa jiwe. Maana alianza kuhesabu asubuhi. Asubuhi ya mvua. Asubuhi ya homa, alipojikokota na shuka mabegani ili asiikose salamu. Zote hizo, mzee alikuwa ameketi pale akiangalia mlima, na pombe ya jana yake iko tumboni.

Ndipo hapo walipo sasa, mtaroni, yeye na Gerald na mbuzi wawili.

"Ulipaka sabuni na mimi," Tadei akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko kelele. "Ulipiga magoti hapa, ukapaka sabuni, unatafuta kitu ulichokificha mwenyewe."

"Nilikuwa naona vibaya, Tadei."

"Ulikuwa unatoa ulimi pembeni!"

"Mzee aliniita. Alinikalisha, akaniambia, Gerald mwanangu, kiapo changu kimetaja mlango na kibuyu, hakikutaja bomba. Mzee akikuomba hivyo unamjibu nini?"

"Unamjibu hapana!"

"Wewe umewahi kumjibu hapana mzee Isidori?"

"Nimemjibu! Ndiyo maana haniitikii!"

Gerald akakaa kwenye ukingo wa mtaro, udongo ukamwagikia viatu vyake vya kanisani. "Siku ya tope," akasema, "wewe ulikuwa chuo. Aliyechimba na mimi mpaka tukampata mama yangu ni mzee. Kwa mikono, Tadei. Sepetu zilikuwa hazitoshi. Sasa mtu huyo anakuja kuniomba bomba la nusu inchi. Nusu inchi! Nimwambie hapana?"

Tadei akaegemea jembe lake. Ni afadhali ungesalitiwa na mtu mwenye tamaa, unamtukana, unaenda kulala. Ukisalitiwa na mtu mwenye sababu, utamtukana nani?

"Ungeniambia mimi."

"Aliniapisha."

"Familia ya viapo hii! Mtaapisha mpaka kuku!"

Mama yake Tadei, Konsolata, akatokea kwenye upenyo wa ua, kitenge bado kimefungwa kwa ajili ya kanisa. Alitazama mtaro, akatazama tii, na Tadei akaona jambo lililomkata maini: mama hakuuliza ni nini.

"Shikamoo mama," akasema polepole. "Na wewe?"

"Marahaba. Mwanangu, nilikuwa natafuta namna..."

"Na wewe, mama?"

"Koki iko nyuma ya kiti chake," Konsolata akasema, akiangalia mikono yake. "Amefunika na kofia. Kikombe kimoja tu, jioni. Anakaa nacho, anaonja, ananiambia, leo imekaa vizuri. Ananiambia, leo mtama umeungua kidogo, aangalie moto."

"Anakuambia wewe!"

"Sasa angemwambia nani?"

"Mimi! Mimi ndiye niliyepika! Mama, kila siku nikirudi kutoka kwenye ndama, ulikuwa unaniuliza, leo je, amekuitikia? Nakujibu hapana. Unanishika kichwa, unasema vumilia. Na mkono huohuo umetoka kuosha kikombe chake!"

Kuku anayechechemea akapita katikati yao, hana haraka.

Mara ikasikika hodi upande wa barazani. Mzee Tomaso alikuwa amefika na kikombe chake cha bati, kama kila Jumapili, na kwa kuwa hakumkuta mtu alikuwa amejivutia pembe mwenyewe. Sasa alikuja akikokota fimbo, akikitazama kikombe kwa mashaka makubwa.

"Shikamoo babu," vijana wakasema pamoja. Ugomvi ni ugomvi na salamu ni salamu.

"Marahaba, marahaba. Tadei, pombe yako leo imefanana na wino. Nikinywa nitaongea au nitaandika?" Akainama, akaona mtaro. Akafuata bomba kwa macho, tii, minyaa, paa la rafiki yake. Mabega yakaanza kumtikisika. "Aaa! Isidori! Mimi nilikuwepo akiapa. Mlango hajavuka. Kibuyu hajakipokea. Jua lenyewe haliwezi kumkamata. Kiapo chake kizima kama yai!"

"Usicheke, babu," Tadei akasema.

"Simcheki yeye, nacheka..."

"Usicheke. Pombe yangu ni nzuri ya kunywa, mimi si mzuri wa kuitikiwa. Amepata namna ya kulizunguka jua kwa ajili ya kikombe. Kwa ajili yangu hakutafuta namna."

Mzee Tomaso akaacha kucheka.

"Hiyo ya salamu haina kona ya kuzunguka, mjukuu wangu," akasema. "Neno ni neno. Akiitika tu, kiapo kimekufa, na unajua kiapo kikifa."

"Najua. Ndiyo maana nimemaliza." Tadei akapanda kutoka mtaroni, akaingia ndani, akatoka na msumeno wa chuma. "Bomba nalikata leo. Na kuanzia kesho ndama nitawapeleka, nitapita pale, na sitasema kitu. Nitapita kama ng'ombe mwingine. Akitaka kuangalia mlima aangalie, sitamsumbua tena."

"Tadei!" mama yake akashtuka, kana kwamba ametukana. Mtoto kuacha kumwamkia baba yake ni jambo ambalo huku hata kwa hasira halisemwi.

"Nimesema."

Akapiga goti, akaweka meno ya msumeno kwenye mkono ule wa pili wa bomba. Akavuta mara moja. Unga mweupe wa plastiki ukadondoka. Akavuta tena.

Minyaa ikasogea.

Mzee Isidori alipita kwenye upenyo wa ua akiwa bado na koti lake la misani, kofia mkononi, ile ile ya kufunikia. Ina maana alikuwa ameketi kwenye kiti chake, upande wa pili, na minyaa haina masikio ila haizuii maneno. Konsolata akasogea kumpisha. Gerald akasimama haraka, akajipangusa udongo.

"Shikamoo baba," Gerald akasema.

"Marahaba."

Midomo ya mzee ilikuwa bado na bluu pembeni. Tadei aliiona, akainamisha kichwa, akaendelea na msumeno. Hakusema kitu. Kila mtu alisikia kwamba hakusema kitu. Ule ukimya uliokuwa ukitoka upande mmoja kwa muda wote huo sasa ulikuwa umehamia upande wa pili, na ulikuwa mzito kweli kweli, hata mbuzi waliacha kutafuna.

"Ataomba lisikatwe," mzee Tomaso akanong'ona kwa Gerald.

"Au ataomba isijulikane kanisani," Gerald akanong'ona.

Konsolata alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kitenge, akisubiri karipio.

Mzee Isidori alisogea hadi kwenye ukingo wa mtaro. Alimtazama Tomaso, shahidi wake. Akatazama juu, jua lilikuwa utosini, kama siku ile. Nyuma yake mlima ulikuwa wazi wote, hauna hata wingu, na safari hii hakuugeukia. Alimtazama mwanawe, utosi, shingo yenye jasho, mkono unaovuta na kurudisha, hadi mkono wenyewe ukapungua mwendo, ukasimama.

"Tadei," akasema, na sauti ilikwaruza, kama koki iliyokaa muda mrefu bila kufunguliwa. "Niamkie."